Usharika rafiki wetu Marekani unafungwa. Tunawajibu nini?

Mhazini wa Kilolo
Bwana Yesu asifiwe wapendwa. Wa nyumbani, kamwene.

Mimi ni mhazini wa usharika mmoja wa KKKT (Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania) huku Kilolo, Dayosisi ya Iringa. Wengi mnaufahamu urafiki wetu na Walutheri wa eneo la Saint Paul, Minnesota, unaoitwa Bega kwa Bega. Usharika rafiki wetu uko kwenye mji mdogo nje ya Saint Paul. Wiki iliyopita wametuandikia kwamba wamepiga kura kufunga. Ibada ya mwisho ni Jumapili ya Matengenezo ya Kanisa, mwisho wa Oktoba. Wamebaki washarika 34, na mdogo kuliko wote ana miaka 58. Jengo amelinunua mtu anayetaka kuishi humo.

Mchungaji wao, mama mmoja, alikuja hapa 2018. Baada ya ibada alisimama nasi kwenye mnada. Asiye na hela huku huleta mayai, debe la mahindi au kuku, vikanadiwa nje ya kanisa. Alinunua jogoo kwa 20,000, akamkumbatia kifuani kama kichanga, hadi mabinti wa kwaya wakamwonyesha namna ya kumshika mabawa. Halafu akauliza wale watoto wote wameletwa kutoka shule gani. Tukamwambia hawajaletwa, ni wa hapa hapa. Akanyamaza. Jioni tukiota moto jikoni akaniambia shule yake ya Jumapili ina watoto wawili, wote wajukuu wa bibi mmoja. Nilidhani ni msimu mbaya tu, utapita.

Sasa barua iliposomwa kwenye baraza la wazee, swali la kwanza lilikuwa: ada za wanafunzi wetu 9 atalipa nani? La pili: dayosisi itatupa usharika mwingine lini? Usiku ule sikulala. Vitabu naandika mimi, najua mzazi yupi hana kabisa. Lakini wenzetu wamefiwa, na sisi tunauliza urithi.

Nisaidieni. Nchi yenye mali vile, kanisa linafungwaje? Na barua ya kuwajibu niiandikeje?

Kijana wa Mafinga
Shikamoo mzee. Jibu ni fupi, walilegeza mafundisho. Kanisa lao kubwa la Kilutheri huko Marekani, ELCA, mwaka 2009 lilipiga kura kuruhusu wachungaji walio kwenye mahusiano ya jinsia moja, na KKKT ililikataa jambo hilo waziwazi. Ukiliacha Neno, watu wanaondoka.

Dada wa Njombe
Mhazini, pole sana. Mdogo wangu wa Mafinga, niko Minnesota mwaka wa kumi na moja, nafanya kazi kwenye nyumba ya kutunzia wazee. Watu kama hao 34 ndio ninaowaogesha asubuhi, na wengine wananiimbia nyimbo za tenzi kwa Kiingereza wakati nawavalisha soksi.

Kura ile iliondoa watu, sikatai. Ila Wabaptisti wa Kusini, dhehebu jingine la huku Marekani, kwenye suala hilo hawakulegeza hata kidogo, nao walikuwa zaidi ya milioni 16 mwaka 2006, leo hawafiki milioni 13. Shirika la kura za maoni la Gallup huwauliza Wamarekani kama ni washarika wa kanisa, sinagogi au msikiti wowote. Mwaka 1999 walioitikia ni 70 katika kila 100. Mwaka 2020 wakawa 47, mara ya kwanza kushuka chini ya nusu tangu waanze kuuliza miaka ya 1930.

Vijijini huku shamba lililolimwa na familia kumi sasa analima mmoja na mashine zake. Mtoto akimaliza sekondari anahamia mjini harudi. Waliobaki na watoto, Jumapili asubuhi wako kwenye mechi. Kanisa lililojengwa kwa watu 300 linapashwa joto na sadaka ya watu 30, na Januari hapa baridi inashuka hata nyuzi 20 chini ya sifuri. Sadaka inaishia kwenye gesi, bima na paa.

Na mchungaji anabaki katikati. Akiwaombea wahamiaji, upande mmoja unanuna. Asipowaombea, unanuna mwingine. Wakati wa korona watu walihama makanisa kwa sababu ya barakoa tu. Taasisi ya Barna, inayotafiti mambo ya makanisa huku, iliwauliza wachungaji Machi 2022, na 42 katika kila 100 walikuwa wamefikiria kuacha utumishi ndani ya mwaka ule. Wengi walitaja msongo na upweke. Huyo mama wenu nani anamtembelea?

Mchungaji wa Rungwe
Ugonile, ndugu Mhazini. Mimi ni Mmoravian. Wamisionari wetu na wale Walutheri wa Berlin, wote kutoka Ujerumani, walifika Rungwe na Unyakyusa 1891. Vita vya Kwanza vilipokuja, Wajerumani wakaondolewa. Wamisionari Waskoti wa Livingstonia, ng'ambo ya mpaka kwenye Malawi ya leo, walikuja kuangalia kazi, lakini walikuwa wachache. Babu yangu alisimuliwa na baba yake jinsi walivyokuwa wakipiga kengele kila Jumapili, mchungaji awepo asiwepo.

Barua yenu iwe ya msiba tu. Neno ada lisionekane humo hata mara moja. Ada ipelekeni kwenye mnada, mgawane wanafunzi 9 kwa mitaa ya usharika wenu, kila mtaa ujue wake kwa jina.

Na wewe kijana, mafundisho yana uzito, tuko pamoja. Lakini mwaka 2021 niliwapa kipaimara vijana 41. Mwezi uliopita nilikaa na daftari nikawatafuta kanisani. Nimewapata 13. Hatujapiga kura yoyote sisi.

Kijana wa Mafinga
Nimekusikia Mchungaji. Nilisema haraka. Habari ya Wabaptisti sikuwa nayo.

Mhazini wa Kilolo
Mchungaji, asante. Mitaa tunayo mitano. Jana nimemwendea mwenyekiti wa baraza, amekubali mnada wa Jumapili hii uwe wa ada, na mke wangu ametoa debe la maharage kabla sijamaliza kueleza.

Dada, umeniuliza nani anamtembelea. Sina jibu, na limenikaa kooni. Amehudumia sharika tatu kwa gari moja, na siku za kazi anafundisha shuleni akiziba nafasi za walimu waliokosekana. Je, hiyo Jumapili ya mwisho utaweza kufika, uwasomee barua yetu kwa sauti? Wazee wetu wote watatia sahihi. Nilitaka na kikapu cha milulu, majani tunayosukia huku, ila hakitafika kwa wakati.

Dada wa Njombe
Nitabadilishana zamu. Nitumie barua na jina la mji. Kikapu ninacho, mama alinipa nilipoondoka, kipo juu ya kabati.