Nimeitwa fundi mlenda mbele ya bodi nzima kwa picha ALIYONITUMIA YEYE MWENYEWE

Wakuu habari za mchana, kwa wenye mchana mzuri. Mimi sina.

Jina sitaji, na sina haja maana mnamjua. Kila aliyewahi kutengeneza tovuti, kalenda, bango au hata kadi ya mchango hapa Dodoma ameshapita mikononi mwake na ametoka na kovu. Yule yule wa "nifanyie haraka, hela si tatizo", halafu ikifika siku ya kulipa, tatizo pekee ni hela. Huyo huyo.

Nimetoka kwenye kikao dakika arobaini zilizopita. Nimekaa Nyerere Square, laptopu mapajani, upepo unanimwagia vumbi kwenye kibodi, na masikioni bado nasikia kile kicheko.

"Huo si mlenda, bosi?"

Ngoja nianze mwanzo, maana nikianzia hapo nitalia hadharani.

Tovuti ni ya shamba lake la zabibu kule Hombolo. Akataka ukurasa wa mbele picha ya shamba ijae skrini nzima, ukingo hadi ukingo, maandishi yakae juu yake. Nikamwambia sawa mzee, nipe picha kubwa, ile ile iliyotoka kwenye kamera. Akanitumia kwa WhatsApp. Angeituma kama dokumenti ingefika nzima, yeye kaituma kama picha ya kawaida, imeminywa njiani hadi imebaki ngozi na mifupa: pikseli (vile vitone vya picha) 1,280 kwa 720. Nikaomba tena. Jibu: "Kijana, mbona kwenye simu yangu inang'aa?" Kwenye simu! Kwenye simu hata picha ya kitambulisho cha kupigia kura inaonekana ya harusi.

Nikaona isiwe tabu. Nikapanda bodaboda hadi Hombolo, nauli yangu, nikapiga picha yangu. Nikaiweka kama ilivyo, megabaiti 11. Siku mbili baadaye ananipigia: "Tovuti yako inakula bando kama ng'ombe walioingia shamba la watu! Rudisha ile yangu." Nikarudisha ile yake. RUDISHA ILE YANGU. Na baadaye akalirudia kwa sauti WhatsApp, sekunde tisa, sijaifuta na sitaifuta.

Sasa leo. Ukumbini wameweka luninga mpya ya 4K, yaani pikseli 3,840 kwa upana, inchi 85, kubwa kama mlango wa stoo. Wajumbe wa bodi tisa, karanga mezani, maji mezani. Akaunganisha laptopu, akafungua tovuti.

Wakuu. Picha ya 1,280 imevutwa hadi 3,840. Mara tatu kwa upana, mara tatu kwa kimo. Kila pikseli imezaa tisa! Majani yamevujia kwenye zabibu, zabibu zimevujia kwenye udongo, ukuta mzima ni ukijani unaoteleza. Kwenye pembe ya juu kushoto kulikuwa na mfanyakazi ameshika mkasi wa kupogolea. Marehemu amebaki miraba minne ya kahawia. Chumba kimya, unasikia feni tu.

Yeye hakusema neno. Akamgeukia mama anayeleta chai. Mama wa watu amesimama na chupa yake, tovuti hajui ni mnyama gani. "Mama, hebu tusaidie, wewe unaona nini pale?"

Mama akatazama. Akalaza shingo kidogo. Akasema kwa upole, ule wa mtu asiyetaka kumkwaza yeyote:

"Huo si mlenda, bosi?"

Bodi ikaanguka chini. Mjumbe mmoja kamwagia chai faili. Mwingine anauliza umetiwa karanga au la. UMETIWA KARANGA! Na yeye, aliyenitumia picha, aliyesema rudisha ile yangu, ananinyooshea kidole: "Fundi mlenda wetu ndiye yule pale."

Mama simlaumu, kasema alichokiona. Hata mimi niliuona. Ulikuwa mlenda.

Siombi ushauri. Nimekuja kutapika nyongo tu.

Nyundo ya Area D:
Karibu jukwaani Mlenda.

Binti wa Kolo:
Nimecheka hadi nimeshuka kituo si changu. Naenda Mtumba, sasa hivi nimesimama Ihumwa juani peke yangu. Ila mkuu, ulikuwa umetiwa karanga?

Mzee wa Mipango:
Pole kijana. Sasa hata kama huombi ushauri utaupata. Kwenye ile ya megabaiti 11, bosi wako alikuwa sahihi, na msinipige. Mtu yuko Mpwapwa na bando la siku, unamshushia megabaiti 11 za majani ayatazame kwenye kioo cha upana wa vidole vinne? Hiyo ni dhuluma. Na ya 1,280 kwenye 4K ni aibu, mama kashasema. Dawa ni kuwa nazo kadhaa: 800, 1,600, 2,560 na 3,840, zote WebP au AVIF (aina za faili zinazobana picha vizuri), brauza yenyewe ijichagulie. Picha ya background, ile ya kuwekwa nyuma ya ukurasa kwa CSS (lugha ya kupanga sura ya tovuti), haina srcset, yaani hiyo orodha ya saizi, ndiyo maana mimi picha kubwa namna hiyo siiweki kwenye background kabisa. Naiweka kama img ya kawaida, na srcset yake, sizes iwe 100vw (upana wote wa skrini), object-fit: cover (ijaze nafasi yake hata ikikatwa pembeni), naisukuma nyuma ya maandishi. Simu inachukua ndogo, luninga inachukua kubwa, bosi analala. Ila ujue majani ni mabishi kubana, kila jani lina ukingo wake. Ingekuwa anga tupu ungelipata kwa kilobaiti za kuhesabu.

Mwenye uzi:
Mzee shikamoo. Na hiyo ya 3,840 naitoa wapi, wakati yeye kanipa 1,280? Srcset inazaa pikseli?

Mzee wa Mipango:
Marahaba. Si ulipanda boda hadi Hombolo? Ile yako ya megabaiti 11 iko wapi, si unaipunguza tu?

Mwenye uzi:
Nilifuta.

Nyundo ya Area D:
ALIFUTA.

Mwenye uzi:
Nilifuta kwa hasira, siku ile ya RUDISHA ILE YANGU. Hata kwenye kamera nilifuta. Msinikumbushe.

Binti wa Kolo:
Mungu wangu. Boda imepandwa, picha imepigwa, picha imefutwa. Bado niko Ihumwa.

Fundi Mabango:
Mlenda wako una nafuu ndugu yangu. Mimi mteja kaleta picha ya pasipoti, ile ya karatasi, ina alama ya pini kwenye paji la uso. Anataka bango la mita 6 kwa 3 la kugombea uongozi wa chama chao cha ushirika. Nikamwambia bango la barabarani linatazamwa kwa mbali, tutajitahidi, ila pini hatuwezi kuificha. Tukalitundika. Kesho yake kaja amelisogelea hadi pua inagusa, anasema "mbona sina jicho la kulia?" Baba, ukisogea hivyo hata Mlima Simba hauna jicho! Hajanilipa hadi leo. Na nina hakika ni huyo huyo wa mleta uzi, maana naye alisema hela si tatizo.

Nyundo ya Area D:
Ni yeye. Suti ya bluu?

Fundi Mabango:
Suti ya bluu.

Kamera ya Ntyuka:
Nyie mnalia pikseli, mimi nilikatwa kichwa. Yaani si mimi, mteja. Wamechukua picha yangu safi kabisa, pikseli za kumwaga, wakaiweka background-size: cover, wakaenda kuifungua kwenye ile skrini ndefu ya 3,440 kwa 1,440. Cover lazima ijaze upana, kwa hiyo juu na chini panaliwa. Mkurugenzi akabaki tai na kidevu. Nani kalaumiwa? Mpiga picha! "Umempiga vibaya." Mtengeneza tovuti alikuwa anasawazisha picha katikati tu, hakujua background-position, ile inayopanga sehemu gani ya picha ibaki, ni nini. Iweke karibu na juu, asilimia 20 hivi, kichwa kinabaki. Wabunifu wa tovuti mna dhambi nyingi kuliko huyo bosi.

Mwenye uzi:
Kaka uzi huu ni wa kumsema yeye, si sisi.

Dogo wa UDOM:
Mimi natumia image-set kwenye background, naweka picha ya 1x kwa skrini za kawaida na ya 2x kwa zenye pikseli zilizosongamana maradufu, sijawahi kuitwa mlenda.

Mzee wa Mipango:
Kwa sababu hujawahi kuiona inchi 85, mwanangu. Image-set inaangalia pikseli zimesongamana kiasi gani, haina habari skrini ni pana kiasi gani. Luninga ile ukiiacha kwenye ukuzaji wa asilimia 100 inajitambulisha kama 1x, kwa hiyo inapewa ile ndogo, unakula mlenda vilevile. Na mtu akipandisha ukuzaji hadi asilimia 200, brauza inasema upana ni 1,920 tu, basi wale wa min-width 2500px (picha kubwa itoke tu skrini ikifika upana wa 2,500) nao sharti lao halifanyi kazi. Lazima uangalie vyote viwili, upana na msongamano. Au ufuate srcset niliyosema, ipige hesabu yenyewe.

Nyundo ya Area D:
Au weka rangi tupu ya zambarau skrini nzima, mwambie ni mvinyo. Haivuji hata kwenye 8K na haili bando la mtu.

Kamera ya Ntyuka:
Au itie ukungu makusudi, giza kidogo juu, maandishi meupe. Mama wa chai angesema "hiyo ni alfajiri, bosi".

Mwenye uzi:
Wewe acha. Huo si mlenda, bosi. Kwa upole vile. Angenifokea ningepona. Upole ndio umeniua.

Dogo wa UDOM:
Mzee basi tuwekee kodi hapa tuione.

Mpangaji wa Nkuhungu:
Mmegusa kodi. Samahani nimechelewa kuingia kwenye uzi, ila kwenye kodi hapo ndipo penyewe. Mwenye nyumba wangu anataka ya miezi sita kwa mkupuo, maji yanatoka saa nane usiku mara moja kwa wiki, na juzi kaja kuniambia nipunguze kupika maharage yanamaliza gesi. Gesi ni yangu!

Dogo wa UDOM:
Kaka, ni kodi za kompyuta. Yale maandishi ya CSS.

Mpangaji wa Nkuhungu:
Ya kompyuta au ya nyumba, wote wanataka kwa mkupuo.

Fundi Mabango:
Miezi sita ni rafiki huyo. Wa kwangu anataka mwaka, na choo tunashirikiana na kuku wake.

Nyundo ya Area D:
Kuku wana mkataba? Weka picha ya choo. Kubwa, ya 4K tafadhali.

Mwenye uzi:
Jamani turudi kwenye mada. Bodi tisa. Karanga mezani.

Binti wa Kolo:
Nimefika Mtumba. Ila mmenitia hamu. Kuna mahali hapa mjini wanapika mlenda wa kweli, wa kukausha, na ugali wa uwele? Wa mahotelini ni maji ya kijani tu.

Bibi Mdogo wa Bahi:
Mbukwenyi wajukuu. Wa unga uliokaushwa utaupata soko la Majengo, wahi asubuhi. Usichemshe maji mengi. Magadi kidogo tu, ukizidisha unakuwa mchungu na wote mtamsema mpishi. Karanga zisage laini.

Kamera ya Ntyuka:
Bibi, nyanya unatia?

Bibi Mdogo wa Bahi:
Nyanya ni za watu wa mjini.

Fundi Mabango:
Hapo Bibi umekosea. Kwetu Kondoa tunatia nyanya na vitunguu na hatujawahi kuitwa watu wa mjini.

Mwenye uzi:
Wakuu, ametuma ujumbe sasa hivi. Anasema amenionea huruma, ameleta picha nyingine kubwa zaidi. Nimeifungua. Ni skrinishoti ya ile ile, kaipiga kwenye simu, juu inaonekana chaji yake asilimia 14. Kaituma kwa WhatsApp. Naiwekaje hii?

Binti wa Kolo:
Bibi, karanga zinatangulia au magadi yanatangulia?