Tupeane uzoefu: watu wa Kilifi, mila za kwetu mlizikuta wapi?

MtotoWaBamba
Jana nimeona picha za sherehe ya Mekatilili, yule mama shujaa wa Wagiriama, kule Malindi, akina mama wamevaa mahando, zile sketi za kimila, wanacheza, nikakumbuka mbali sana. Shuleni tulifunzwa alilisha watu kiapo cha kumpinga Mwingereza 1913 pale Kaya Fungo, ule mji mtakatifu wa wazee msituni, akakamatwa akapelekwa Kisii, akatoroka akarudi kwa miguu. Ati kaya yenyewe serikali ya Mwingereza iliilipua kwa baruti 1914, hiyo nimeijua ukubwani. Haya, tupeane.

Rabai_Dada
Kwetu mambo ya kaya tulikatazwa kabisa. Si unajua Rabai, kanisa la akina Krapf liko tangu 1846, kwa hiyo nyumba yenye wazee wa kanisa ukitaja koma, yaani mizimu ya mababu, unachapwa. Lakini msitu wa kaya tuliuheshimu wote, hata kuni iliyoanguka yenyewe huokoti.

Pwani254
Kweli kabisa dada.

GanzeNdani
Mimi niwape ya kwetu maana imenikaa moyoni. Babu alikuwa wa gohu, kile chama cha siri cha wazee wa Kigiriama, kwa hiyo alipofariki alichongewa kigango, yaani mti wa kumkumbuka marehemu, kirefu kama mtu, kichwa duara, kifuani zile pembetatu ndogo ndogo zimepakwa rangi, kikafungwa vitambaa kiunoni. Kilikaa pale uwanjani, nyanya anakimiminia pombe ya mnazi na kuongea naye kama mumewe yuko. Sasa asubuhi moja naenda kufungua mbuzi nakuta shimo tupu, udongo bado mbichi, na vile vitambaa wamevirusha kwenye mkorosho kama matambara. Nyanya alikaa chini palepale hakusema kitu mpaka jua likawa kali. Mwaka huo mvua ikakosa, mtoto wa shangazi akaugua, basi watu wakaanza kuangaliana. Ikasemwa ni binamu yetu ndiye aliyewaonyesha mabroka wa vigango njia usiku, yeye akakana, akahama, mpaka leo baba na ndugu yake hawasalimiani, hata matangani wanakaa mbalimbali. Wizi wa mti mmoja umevunja mji mzima!

Rabai_Dada
Uwiii. Poleni jamani.

Mlokole_Kaloleni
Pole ndugu, lakini mvua ni ya Mungu, tusiwape watu hofu na miti.

GanzeNdani
Nani amekuambia tunaabudu mti? Wewe kaburi la babako likifukuliwa likauzwe utasema ni simenti tu?

Mlokole_Kaloleni
Hapo umenishika. Wizi ni wizi.

MtotoWaBamba
Wazee msigombane. GanzeNdani usikate tamaa, kuna familia ya kwetu huku Kilifi iliibiwa vigango viwili 1985, vikaonekana kwenye makumbusho ya Marekani, kimoja Illinois kingine Hampton, vikarudi 2007. Kilichosaidia ni picha, yule mzee alikuwa amepigwa picha amesimama navyo. Na makumbusho ya Denver nao walirudisha 30 mwaka 2014. Kwa hiyo mlionavyo pigeni picha leo leo.

Magarini_Juu
Picha pigeni lakini msizitupe mtandaoni, mabroka nao wana simu. Sisi tumezungushia vyuma na simenti.

Pwani254
Si bora mpeleke makumbusho ya Fort Jesus vikalindwe?

Magarini_Juu
Hakihamishwi hicho. Hata familia ikihama mji inakiacha palepale.

BinamuWaVitengeni
Fugeni mbwa wakali na mwacheni nyanya alale nje na rungu 😂

Rabai_Dada
GanzeNdani, nyanya bado yupo? Mrekodi kabla hujachelewa, akuelezee rangi zilikaa vipi na nani alichonga. Hapo hata kikionekana ng'ambo mtakuwa na la kusema.

GanzeNdani
Yupo, macho tu ndiyo yamefifia. Nikishuka Ganze namrekodi. Picha tunayo moja ya harusi ya shangazi, kigango kinaonekana nyuma ya wapiga ngoma, nusu. Nitamtafuta mtu wa makumbusho aiangalie.

Magarini_Juu
Hiyo nusu inatosha kuanzia, zile pembetatu ndizo zinazotofautisha kimoja na kingine. Itoe nakala kabla mchwa hawajaifikia.