Tupeane uzoefu: Uliwahi kugomewa na shingo? Ilikuwaje, na ulijitibu vipi?

Mzee wa Tandika
Wakuu habari za jioni. Leo siku ya tatu naamka shingo imekaza upande wa kulia, mtu akiniita nageuka mwili mzima kama lori linakata kona. Asubuhi nimeshindwa hata kuangalia magari, mwanangu wa darasa la pili ndo kanishika mkono kanivusha barabara. Waliopitia karibuni.

Konda Mstaafu
Mkuu umenikumbusha mbali. Nimepiga Hiace miaka sita Mbagala Kariakoo, na huu urefu wangu, paa halinitoshi, kutwa nzima kichwa kimelala begani. Mwanzo ilikuwa maumivu ya jioni tu, baadaye ganzi ikaanza kushuka mkono wa kushoto mpaka kidole gumba na cha shahada, chenji zinadondoka abiria wanasema konda kalewa. Daktari akaniambia shingo ina pingili 7 na katikati yake kuna visahani laini, kimoja kimetokeza kinabana mshipa wa fahamu. Nikajua napasuliwa. Wapi, nikapelekwa mazoezi! Unarudisha kidevu nyuma kama unamkwepa mtu anayenuka pombe, unahesabu mpaka tano, unaachia, mara kumi asubuhi na jioni. Nilimcheka moyoni. Kama wiki ya sita ganzi ikaanza kuondoka yenyewe.

Mama Nasra
Hilo la kidevu kweli kabisa, hata mimi.

Fundi Suruali
Tupa mto. Lala kichwa kwenye godoro, siku mbili umepona.

Kichwa Maji
Usimdanganye mwenzio. Anayelala ubavu bila mto shingo inaning'inia usiku kucha. Mto ujaze ile nafasi ya bega, usizidi wala usipungue.

Fundi Suruali
Bibi yangu kalalia kigogo maisha yake yote hajawahi kulalamika.

Kichwa Maji
Angekulalamikia wewe? Hahaha

Mtu wa Tanga
Siku tatu upande mmoja? Mkuu hebu kumbuka umekosana na nani mtaani.

Mama Nasra
Haya, washafika.

Baba Pacha
Jamani mie naomba niseme la kwangu maana kila nikilikumbuka mwili unasisimka. Nilikuwa na shingo hivyo hivyo, nikaenda kunyoa, dogo kamaliza, kaniosha, kanikanda mabega, raha mpaka usingizi unakuja, mara akashika kidevu kwa mkono mmoja na kisogo kwa mwingine, KWAA! upande huu, KWAA! upande ule. Nikamlipa na bakshishi juu. Jioni nikiwa nakula naona sahani zipo mbili, kizunguzungu, natapika, nikisimama nayumba kama nimepiga gongo na mimi sinywi. Mke wangu anajua nimeanza pombe, kanuna kabisa! Alfajiri ndo kanipeleka hospitali, nikapimwa kile kipimo cha kuingia kwenye tundu, wakasema mshipa wa damu unaopita ndani ya pingili za shingo umechanika kwa ndani, damu ikaganda, kipande kikaenda kwenye ubongo wa nyuma. Kiharusi. Nilikuwa na miaka 36. Mpaka leo nikishuka ngazi lazima nishike ukuta.

Mzee wa Tandika
Duh. Pole sana ndugu.

Kiwembe Kikali
Poleni lakini msituharibie kazi. Miaka kumi na moja nanyoa, navunja shingo za watu kila siku hakuna aliyerudi kulalamika.

Kichwa Maji
Wakirudi watakuja na nini, machela?

Kiwembe Kikali
Wewe hata nywele huna unaongelea saluni.

Nesi Zamu ya Usiku
Ni nadra lakini hutokea kweli, mtu akushike mabega tu, shingo asikunyonge. Mzee, yako kama ni msuli mara nyingi inaachia ndani ya siku chache hadi wiki mbili. Kitambaa cha maji ya moto, geuza shingo taratibu mpaka inapofika, usiifunge kola wiki nzima maana misuli inalegea. Diklofenaki za dukani kama una vidonda vya tumbo achana nazo. Ila shingo ikikaza pamoja na homa, kichwa kikali na mwanga unaumiza macho, usikae unameza dawa ya malaria, hiyo inaweza kuwa homa ya uti wa mgongo, kimbia usiku huo huo. Hali kadhalika mikono au miguu ikiishiwa nguvu.

Mama Nasra
Na mafuta ya karafuu?

Nesi Zamu ya Usiku
Paka, yanapasha moto. Usinywe tu.

Mzee wa Tandika
Ahsanteni. Homa sina. Tatizo kesho ndo siku yangu ya kunyoa, na dogo wangu huwa hasubiri kuambiwa. Nitamwambia nywele tu, shingo aniachie nilivyokuja nayo.

Fundi Suruali
Sasa mto unatupa au hutupi?