Askari wa hifadhi: atoke kijiji jirani au aletwe kutoka mbali?

Mfuata Nyayo:
Wakuu, tujadili hili. Kila nafasi za askari wa wanyamapori zinapotangazwa, ugomvi ni ule ule: wapewe vijana wa vijiji vinavyopakana na hifadhi, au waletwe watu wasio na ndugu hata mmoja pale? Mimi nasimama na mwenyeji. Doria ya miguu isiyo na mtu wa eneo ni matembezi. Mgeni anaona kichaka. Mwenyeji anaona matawi yaliyokatwa kwa panga na kulazwa kuziba vijia vyote isipokuwa kimoja, na kwenye mwanya huo ndipo kitanzi kinaning'inia. Unyayo wenye kingo kali, usiopitiwa na wadudu, ni wa asubuhi hii. Ukiona vijistari vya wadudu vimekatiza juu yake, aliyepita alipita usiku au kabla. Hayo hayafundishwi kwa miezi michache ya kwata.

Kaskazini magharibi mwa Namibia, miaka ya 1980, wakuu wa jadi waliteua walinzi wa wanyama kutoka kwa watu wao wenyewe. Kazi haikuwa kukamata, ilikuwa kutembea, kuangalia na kutoa taarifa. Tembo na faru weusi wa kule wakaanza kuongezeka tena. Anayepinga alete hoja.

Kitanzi:
Hoja ni hii: mwenyeji anakijua kijia kwa sababu aliyetega ni mjomba wake. Doria ikipangwa saa kumi alfajiri, saa tatu usiku simu imeshapigwa. Mkifika mnakuta majivu yamepoa na mifupa imefukiwa. Na mitego mnayoitoa inakwenda wapi? Waya usiporudishwa kituoni, ukahesabiwa, ukapimwa uzito na kuandikwa kwenye daftari, unarudi porini wiki ijayo. Mwenyeji anaacha vitanzi viwili vitatu kwenye mti, anasema "sikuviona". Askari atoke mbali, ahamishwe kila baada ya muda, asizoeane na mtu. Mengine haya ya kuwafundisha wanakijiji kufunga kamba za pilipili na kutundika mizinga ya nyuki ili tembo wasiingie mashambani ni michezo ya kumaliza fedha za mradi. Tembo mwenye njaa hazuiwi na kitambaa.

Jirani wa Mpaka:
Kitanzi, umeandika kwa ujasiri wa mtu asiyelala kwenye dungu, kile kilindo cha juu cha kulindia shamba. Uzio wa pilipili unakuwa mchezo pale unapofungwa na mtu anayeuona ni mchezo. Kamba ni ya katani, si ya nailoni, kwa sababu nailoni hainywi mafuta. Pilipili kavu inasagwa na mbegu zake, inachanganywa na oili chafu au grisi mpaka iwe nzito ya kung'ang'ania kamba. Vipande vya kitambaa vinachovywa humo na kuning'inizwa kati ya nguzo. Kamba mbili, ya juu usawa wa kifua cha mtu. Uzio unakaa mita kadhaa nje ya mazao, usigusane na mahindi, ili tembo akutane na harufu kabla hajaonja chochote. Akishaonja mahindi umechelewa. Mvua kubwa ikinyesha unapaka upya, isiponyesha unapaka upya vile vile kila baada ya wiki mbili tatu. Hapo ndipo uzio unapokufa: kamba inabaki, harufu imekwisha, halafu mtu anakuja kupiga picha ya tembo akivuka na kusema pilipili haifai.

Kitanzi:
Sijasema haifai kabisa. Nimesema askari asipoteze muda humo. Na dungu nalijua.

Jirani wa Mpaka:
Umesema "michezo". Maneno yako yako hapo juu.

Kielelezo:
Ndugu zangu, turudi kidogo. Kuna jambo halijaguswa na ndilo linalowaachia huru majangili wengi: kesi. Kukamata ni nusu ya kazi. Meno ya tembo yakipatikana, kwanza yanapigwa picha pale pale kabla hayajaguswa, rula ikiwa kando. Yanapimwa urefu na uzito, kila moja linaandikwa namba yake kwa wino usiofutika. Hati ya ukamataji inajazwa porini, si kituoni, ikasainiwa na mtuhumiwa na shahidi huru akiwapo. Majira ya nukta ya GPS yanaandikwa papo hapo, kwa sababu swali la kwanza la wakili ni kama mlikuwa ndani ya mpaka au nje. Kisha kila mkono unaopokea kielelezo unasaini tarehe na saa, mpaka ghalani. Saini moja ikikosekana, mlolongo umekatika.

Sasa wewe Kitanzi unayetaka askari ahamishwe kila mara: kesi ikifika zamu ya ushahidi, aliyekamata yuko upande wa pili wa nchi. Wito haumfikii, nauli haijatengwa, shauri linaahirishwa mara tatu na mwishowe linafutwa. Nijibu hilo.

Mfuata Nyayo:
Kielelezo umemaliza kila kitu. Lakini Kitanzi, hilo la mjomba silipitishi. Umeita vijiji vizima majangili.

Kitanzi:
Sijaita vijiji vizima. Nimesema undugu una uzito, na anayekataa hilo hajawahi kumwandikia maelezo mtu waliyechunga naye. Kwani nyaya zinatoka wapi? Zinatoka kwenye tairi lililochomwa. Ukikuta duara jeusi la masizi kwenye kichaka nyuma ya nyumba, na ndani yake hakuna hata uzi wa chuma uliobaki, basi nyuzi zimeshasokotwa vitanzi. Waya wa namna hiyo ni mweusi, haung'ai, tochi haiuoni. Waya wa breki ya baiskeli ni wa digidigi na paa. Nyati anahitaji kebo ya winchi, ile ya kuvutia magari yaliyokwama. Mwenyeji anajua kabisa nani kijijini ana kebo ya winchi ilhali hana gari.

Lindo la Dada:
Na ndiyo sababu unamhitaji huyo mwenyeji, kaka yangu! Umejibu hoja yako mwenyewe. Mgeni angelipita hilo duara akidhani mtu alichoma takataka.

Tena naona mnazungumza vijana, vijana, kama vile kazi hii ni ya wanaume tu. Hifadhi ya Balule, Afrika Kusini, tangu 2013 kikosi cha Black Mambas kimeundwa na wanawake wa vijiji vya jirani, na hawabebi bunduki. Wanatembea kandokando ya uzio kila siku, wanatoa mitego, wanatazama waya uliokatwa, wanaita kikosi chenye silaha inapobidi. Kazi kubwa ya doria ni kuonekana na kuona. Jangili anayejua kwamba mtu atapita, lakini hajui saa ngapi wala upande gani, hawezi kurudi kukagua kitanzi chake kwa raha.

Saa Sita Usiku:
Dada nakuheshimu, lakini hilo la kutobeba bunduki lina mahali pake. Aprili 2020 katika Hifadhi ya Virunga, Kongo, waliuawa watu 17 katika shambulio moja, 12 kati yao walinzi wa hifadhi. Unamtuma nani huko mikono mitupu?

Lindo la Dada:
Sijasema Virunga. Nimesema Balule. Palipo na waasi ni vita, na kikosi cha vita kinajulikana. Msichukue eneo lenye waasi mkalifanya kipimo cha kila pori lenye mitego ya swala. Mwisho wake ni askari aliyefundishwa kulenga shabaha, asiyejua kuongea na mama aliyeliwa ekari nzima ya mahindi.

Mfuata Nyayo:
Naongezea hapo. Tanzania 2013, Operesheni Tokomeza, ile ya kupambana na ujangili, ilijaa vikosi vilivyotoka nje ya maeneo husika. Ilisitishwa baada ya wabunge kulalamikia mateso ya raia, na Desemba ya mwaka ule ule mawaziri wanne wakapoteza nafasi zao. Watu wasio na ndugu pale, Kitanzi. Ndio uliowaomba.

Kitanzi:
Umechukua operesheni ya muda ukaifananisha na askari wa kudumu. Hiyo si haki na unajua. Askari wa kudumu ana kiongozi wa doria, ana daftari la matukio, ana nyendo zake kwenye kifaa. Njia waliyopita inaonekana siku ya pili kwenye ramani. Ukiona wamezunguka barabarani tu na mabonde yote ni meupe, unawauliza. Nidhamu hainunuliwi kwa kuzaliwa karibu.

Na wewe Jirani, maana najua unasoma: uzio wako umepakwa upya, sawa. Upepo ukigeuka je?

Jirani wa Mpaka:
Kwenye kamba upepo hauna shida kubwa. Unachanganya na matofali ya kinyesi. Yale ndiyo yanayotegemea upepo: pilipili iliyopondwa inakandwa na kinyesi cha tembo au ng'ombe, inakaushwa juani, jioni unalichoma lifuke moshi bila kuwaka. Unaliweka upande upepo unakotoka, ili moshi ulale juu ya shamba na kwenda kwa tembo. Ukikosea upande unamfukiza mlinzi kwenye dungu na tembo anakula kwa raha zake. Usiku upepo wa bondeni hugeuka, kwa hiyo unaandaa pande mbili na kuwasha mmoja.

Saa Sita Usiku:
Na mizinga? Kuna mtu atueleze mizinga, maana hiyo ndiyo inayosifiwa kuliko zote.

Jirani wa Mpaka:
Mizinga inafanya kazi na ina masharti. Mtindo uliofanyiwa utafiti na Lucy King huko Kenya, hasa Sagalla jirani na Tsavo Mashariki, ni kitu kila baada ya mita 10: mzinga wa kweli, kisha wa bandia, kisha wa kweli, vyote vimeunganishwa kwa waya mmoja. Tembo akisukuma waya, mizinga inayumba, nyuki wanatoka. Ekari moja inakula kama mizinga 12 ya kweli na 12 ya bandia. Inatundikwa usawa ambao mtu anaweza kuikagua akiwa amesimama, inaezekwa kivuli, nguzo zake zinapakwa grisi siafu wasipande. Tatizo ni ukame. Maua yakikosekana nyuki wanahama, na mzinga mtupu ni boksi tu. Mwaka wa njaa, ambao tembo ndio wanazidi kutoka, ndio huo huo uzio unakosa nyuki.

Kitanzi:
Kwa hiyo umekubali.

Jirani wa Mpaka:
Nimekubali kwamba kila kifaa kina masharti. Bunduki yako haina?

Kielelezo:
Naona swali langu la mashahidi limepotelea kwenye asali. Nalirudia: nani anamleta mahakamani askari aliyehamishwa?

Ushoroba:
Kielelezo, jibu lako ni la bajeti, si la nani azaliwe wapi. Fungu la nauli ya mashahidi litengwe mwanzo wa mwaka, basi. Huyo anayeishi pale pale naye hutishwa. Shahidi mwenye mama yake mita mia tatu kutoka kwa mshtakiwa husahau mambo mengi akifika kizimbani.

Nepal walichanganya. Katika Hifadhi ya Chitwan jeshi lipo ndani tangu 1975, na wakati huo huo vijiji vya ukanda wa kando vinapata kati ya asilimia 30 na 50 ya mapato ya hifadhi na vina vikundi vyao vya vijana vya kuzuia ujangili. Mwaka 2011 ulipita bila faru hata mmoja kuuawa na majangili. Mnagombania nusu mbili za kitu kimoja.

Mfuata Nyayo:
Hizo asilimia ndizo za kujadili. Mwanakijiji anayepata chochote anawapigia askari simu. Asiyepata anazima.

Saa Sita Usiku:
Tumetoka mbali na mada, lakini maadamu wataalamu wapo: tembo ameshaingia shambani usiku, dume mmoja, uzio ameshaupita. Hatua ni zipi? Wengi wanaanza na fataki.

Jirani wa Mpaka:
Kuanza na fataki ndiyo kosa linaloua watu. Kwanza tochi zenye nguvu, kundi zima upande mmoja, msimzingire. Njia yake ya kurudi porini iwe wazi na iwe giza. Asipoondoka, honi ya gesi. Asipoondoka tena, bomu la pilipili: unga wa pilipili na mchanga ndani ya kondomu, fataki ndogo katikati, utambi nje. Likipasuka linatoa wingu, kwa hiyo mtupaji asimame upepo ukimpiga kisogoni. Fataki ya kuangaza angani ni ya mwisho kabisa. Ukiitumia kila usiku, dume linazoea ndani ya msimu mmoja, na siku ya hatari huna kitu kilichobaki mkononi.

Lindo la Dada:
Na asiwepo mlevi kwenye kundi. Hilo liandikwe la kwanza kabla ya tochi.

Kitanzi:
Mpangilio huo nauunga mkono, na nasema hivyo bila kinyongo. Ila fataki hizo zikae kituo cha askari, zitolewe kwa saini. Zikikaa kijijini zitapigwa harusini.

Jirani wa Mpaka:
Kituo kiko kilomita ngapi kutoka shamba la mwisho? Tembo anamaliza ekari kabla hujapata mtu wa kukufungulia ghala. Zikae kwa kiongozi wa walinzi wa mashamba, sanduku la chuma lenye kufuli mbili, ufunguo mmoja wake na mwingine wa mwenyekiti wa kitongoji, askari anakuja kuhesabu kila mwisho wa mwezi.

Kitanzi:
Kila wiki, si mwezi. Msimu wa mahindi kukomaa, kila wiki.

Jirani wa Mpaka:
Kila wiki msimu wa mavuno, kila mwezi kipindi kingine. Na anayehesabu awe yule yule, asiwe mpya kila mara.