Dokta kasoma miaka mitano, salfa ya mikorosho haijui. Tujadili

Wadau wa kusini, habari zenu. Juzi msibani palizuka ubishi, jamaa mmoja akashikilia kwamba shida ya hospitali zetu huku Mtwara na Lindi ni vifaa na mishahara basi, madokta wenyewe wameiva. Mimi nakubali nusu, nusu nakataa, na nina sababu.

Mwaka juzi mwezi wa saba nilimpeleka mama mdogo hospitali, sitaitaja, macho mekundu yanatiririka, kifua kinabana, usiku halali. Dokta kijana, mpole kabisa, kampima kwa heshima zote, akaandika eksirei, antibayotiki na dawa ya matone. Ila hakumuuliza, mama unafanya kazi gani? Tuko dirisha la dawa, nesi mmoja mtu mzima akamwangalia akamuuliza, "Mama, mmeanza kupuliza?" Mama mdogo akasema ndiyo, wiki ya pili hii. Kumbe salfa! Mwezi wa sita mpaka wa nane huku mikorosho inapulizwa kuzuia ubwiriunga, ule ugonjwa wa ukungu wa mikorosho, na watu wengi wanapuliza bila miwani wala maski, kitenge tu kimefungwa puani, vumbi la njano mpaka kwenye kope. Nesi akamwambia akae mbali na shamba, anawe macho kwa maji mengi, kifua kikizidi arudi haraka.

Yule kijana simlaumu hata kidogo. MD, yaani digrii ya udaktari, ni miaka mitano na intern mwaka mmoja, na muda mwingi anaujifunzia hospitali kubwa ambako mgonjwa anafika na rufaa mkononi, wenzake wameshamuhoji huko chini. Hii staili ina historia, 1910 kule Marekani Abraham Flexner alitoa ripoti yake kuhusu vyuo vya udaktari, vyuo vingi vibovu vikafungwa, udaktari ukahamia maabara na hospitali za vyuo vikuu, dunia ikafuata. Ilisaidia, sibishi. Lakini kwenye mkutano wa kimataifa wa afya ya msingi kule Alma-Ata 1978 nchi zilikaa zikakubaliana afya ianzie pale watu wanapoishi na kufanya kazi, sasa mbona mafunzo ya dokta bado yanaanzia juu?

Mtasema fildi ya vijijini ipo. Ipo, ila wiki chache unajaza dodoso unaondoka, hujamwona mgonjwa yuleyule akirudi mara ya tatu, hujajua kwa nini mzee mwenye busha kakaa nalo miaka kumi ndani kwa aibu.

Mimi napendekeza mwanafunzi wa udaktari akae nusu mwaka mzima kwenye wilaya kama Liwale, Newala, Nanyumbu, kituo cha afya, chini ya klinikal ofisa mzoefu, na iwe na mtihani wa kufeli na kufaulu. Najua kuna watakaokasirika, eti MD afundishwe na mwenye diploma! Jamani, AMO, wale madaktari wasaidizi, walianzia uklinikal ofisa, na ndio waliowapasua mama zetu wajawazito wilayani miaka na miaka pale ambapo MD hakuwepo. Hao hawana cha kufundisha?

Na wa vifaa nawajibu, mashine zije, mishahara ipande, nyumba za watumishi zijengwe, naunga mkono yote. Ila kumuuliza mama yangu mdogo analima nini hakuhitaji umeme.

Mliosoma udaktari humu, chuoni mlifundishwa lini kuhusu salfa? Mje mseme, na kama mlifundishwa mseme pia.