Idrisa apewe Beetle ya Babu au Golf?

Rehema: Habari za jioni, ndugu zangu. Idrisa amefaulu mtihani wa udereva, naye anataka Beetle ya marehemu baba iwe gari lake la kila siku la kwendea chuoni. Mimi ningependa atumie hii Golf yangu ya mwaka 2014. Naomba ushauri kabla sijatoa funguo.

Hamisi: Njema, dada. Beetle ile ya mwaka 1968 ni gari linalofundisha. Halina rejeta, kwa kuwa injini yake hupozwa na upepo wa feni. Likizima njiani, dereva hufungua boneti ya nyuma, akakagua mkanda wa feni, pointi za kuwashia cheche na kabureta inayochanganya petroli na hewa, na mara nyingi akaendelea na safari bila kumwita fundi. Mimi na marehemu tuliwahi kuishusha injini nzima, maana imeshikwa na bolti nne tu. Golf ikiwasha taa ya injini, hata fundi mzoefu huanza kwa kutafuta kompyuta.

Mariam: Shikamoo mjomba. Hayo ni kweli, lakini tuliangalie gari hilo pia siku litakapogonga. Tangi lake la petroli liko mbele, breki zote nne ni za ngoma, na halina hata mkoba mmoja wa hewa, ilhali pua ya Golf imeundwa ijikunje na kumeza kishindo kabla hakijawafikia walioketi ndani. Tena injini ya Beetle, yenye ujazo wa sentimita za ujazo 1285, hutoa nguvu za farasi 40; ya Golf imeizidi ujazo kidogo tu, lakini kwa msaada wa turbo, feni inayosukuma hewa zaidi ndani ya injini, hutoa 122. Anayetaka kulipita lori kwa Beetle aanze dua mapema.

Hamisi: Marahaba. Hizo 122 ndizo zinazonitia hofu kwa dereva mgeni. Ndani ya Golf mtu hufika kilomita 120 kwa saa akidhani yuko 80, wakati Beetle ingekuwa imeshampigia kelele.

Mariam: Hapo sikupingi. Ila kelele hazisimamishi gari kwenye lami iliyolowa.

Idrisa: Shikamooni. Jana nilibonyeza kitufe cha kuoshea kioo cha Beetle, maji hayakutoka ingawa chupa imejaa. Je, pampu imeungua?

Hamisi: Marahaba, mwanangu. Haina pampu. Maji hayo husukumwa na upepo wa tairi la akiba, unaopita kwenye mpira mwembamba. Tairi likipungua, vali hujifunga ili upepo usiishe wote. Lijaze, kisha ujaribu tena.

Rehema: Kumbe kijana alikuwa barabarani na tairi la akiba lililopungua upepo! Idrisa, siku za chuo utachukua Golf. Beetle utaiendesha Jumamosi, ba'mdogo wako Hamisi akiwa pembeni.

Hamisi: Nimekubali, dada. Idrisa, njoo na spana namba 13 tuanze na kurekebisha vali za injini, na usiiwashe kabla sijafika, kwa sababu vali hizo hupimwa injini ikiwa baridi.