Wapinzani wakiingilia pau yetu kubwa, tunapotea. Nisaidieni

Pau16
Assalaam alaykum. Niko Malindi, tunacheza briji kila Alhamisi usiku, meza moja, bila pesa. Mimi na mshirika wangu tunafuata Precision, mfumo wa kunadi: kufungua mnada kwa pau 1 (ndiyo pau kubwa) ni ishara ya mkono wa pointi 16 za karata kubwa kwenda juu, wa umbo lolote. Wapinzani wakinyamaza tunaelewana. Wakitia mdomo tu, basi.

Alhamisi iliyopita nilifungua pau 1 na pointi 18. Wa kushotoni akaruka 2 kopa. Mwenzangu, pasi. Wa kuliani, 4 kopa. Nikapasi, nikijua mwenzangu mikono mitupu, naye akapasi tena. Kumbe alikuwa na 9! Wao wawili walikuwa na 14 tu. Wakapungukiwa mizunguko miwili, tukaokota alama 100, na 4 shupaza ilikuwa wazi kwetu, alama 420. Sijalala vizuri tangu siku hiyo. Tuiache pau kubwa?

UstadhMdogo
Alhamisi usiku ndio usiku wa Ijumaa, ndugu yangu. Wenzako wako kwenye nyiradi.

Pau16
Tunaanza baada ya nyiradi, ustadh.

KaraniMstaafu
Msiiache. Pau kubwa haijataja rangi yoyote, ndiyo maana wapinzani hukimbilia kuwaibia nafasi ya mnada. Dawa ni kuafikiana kabla ya kukaa mezani. Wakiingia kwa kutaja rangi katika ngazi ya chini: pasi ni pointi 0 hadi 4. Dabo, yaani kuzidisha alama za dai lao, ni 5 na zaidi, bila rangi ndefu ya kutaja. Kutaja rangi ya kadi tano ni 8 na zaidi, na hapo hakuna kusimama mpaka gemu, yaani dai lenye bonasi. Wakiingia kwa dabo hawajawaibia kitu: pasi ibaki ya mkono dhaifu kabisa, 1 uru iwe 5 hadi 7, mengine kama kawaida. Na ulizeni maana ya kila wanachosema. Wanaofuata Mathe, mbinu ya kuingilia pau kubwa, dabo yao ni shupaza na kopa pamoja, na 1 bila turufu ni uru na pau. Mwenzako na zile 9 alitakiwa kusema dabo. Nyinyi mlikuwa mmeafikiana nini?

Fundi_wa_Amu
Huku Amu sisi ni bao na domino. Marehemu babangu alicheza bao na mtu mmoja miaka mingi pale ufukweni, siku moja wakakosana kwa kete moja, wasisemezane mpaka Ramadhani ikawapatanisha. Mchezo wa wawili wawili mimi siuwezi. Ukishindwa unamtazama mwenzako usoni.

BintiShela
Karani ameuliza, hujajibu. Mliafikiana nini? Na huyo mshirika ni nani?

Pau16
Hatukuafikiana chochote. Mshirika ni mama mkwe wangu.

BintiShela
Ahaa! Ungeanza na hilo.

Pau16
Mtanielewa. Yeye ndiye aliyenifundisha karata hizi, amecheza tangu mimi sijazaliwa. Nitamwambiaje pasi yake ilikuwa kosa, mbele ya wageni? Wapinzani ni mume na mke, Wataliano wastaafu wanaoishi hapa. Nimekwisha kuwaambia kwamba kuanzia Alhamisi hii mimi na mama tunarudi kwenye mnada wa kawaida. Naona ndiyo njia yenye heshima zaidi.

KaraniMstaafu
Heshima gani, umewaambia wapinzani kabla ya mshirika? Na hao Wataliano wanaijua pau kubwa. Blue Team, timu yao ya taifa, ilitwaa Bermuda Bowl, kombe la dunia la briji, mara kumi mfululizo kati ya 1957 na 1969, na pau ya nguvu ilikuwa silaha yao. Hiyo Precision yenu ni ya C. C. Wei, na Taiwan ilifika nayo fainali mwaka 1969, ikafungwa na Italia hao hao.

Mhesabu
Samahani. Ree 4, mfalme 3, bibi 2, ghulamu 1, mara rangi nne: deki nzima ni 40. Yeye 18, mkwe 9, wapinzani 14. Hizo ni 41. Hadithi imetungwa hii.

Fundi_wa_Amu
Na mkwe wa kucheza karata na mkaza mwana usiku, mimi sijamwona.

Pau16
Wallahi sijatunga. Shupaza: ree, mfalme, ghulamu, 7, 4. Kopa: ree, 6. Uru: mfalme, bibi, 5. Pau: 8, 3, 2. Hizo ni 17. Moja niliongeza kwa shupaza ya tano, ndivyo mama alivyonifundisha. Yeye alikuwa na bibi wa shupaza na 9, 5. Kopa 7, 4. Uru ree, ghulamu, 6, 4. Pau bibi, 10, 6, 5. Mfalme, bibi na ghulamu wa kopa kwao, na ree, mfalme na ghulamu wa pau. 14.

Mhesabu
Imetimia 40. Niwie radhi.

BintiShela
Mbona mkono wake umeukariri hivyo, na hujamuuliza kwa nini alipasi? Huenda kwake pasi ni kukungoja wewe useme tena. Wako wanaocheza hivyo.

Pau16
Hilo halikunipitia kabisa.

Alhamisi nitatangulia, kabla ya Wataliano kufika. Nitampangia kadi zile zile kumi na tatu mezani, wazi, nimuulize: mama, ukishika hizi, nami nimefungua pau, na mtu akaruka 2 kopa, unasemaje?

KaraniMstaafu
Na akisema pasi?

Pau16
Nitamuuliza pasi hiyo inaniambia nini mimi.